Nilimwachisha kazi dereva wetu, na kosa lake lipo jikoni kwetu

Assalaam alaykum Shangazi,

Nakuomba usilitaje jina langu wala jina la shirika. Pemba ni ndogo, nusu ya Chake itanijua hata hivyo. Lakini nimefika pahala usingizi siupati, na sina mwengine wa kumwambia.

Mimi ni meneja mtendaji wa ofisi ya Pemba ya shirika moja la kimataifa linalosaidia watoto. Nina miaka 43. Nilianza chini, msaidizi wa miradi, nikizunguka na pikipiki Konde, Tumbe hadi Makangale kuandikisha watoto waliokuwa hawana vyeti vya kuzaliwa. Siku hizi kazi yangu ni bajeti, ripoti za wafadhili kila robo mwaka, wakaguzi wa hesabu, vikao na wizara, na simu za jioni na ofisi ya kanda Nairobi. Mtoto mwenyewe namwona kwenye picha za ripoti zaidi kuliko ana kwa ana. Na mwaka huu umekuwa mzito. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi yetu miwili ilisita yote siku ile ile. Tulikuwa wafanyakazi 26, leo tuko 17, na waliotoka wote niliwaaga mimi kwa mkono wangu.

Shida yangu ni hii. Mamaangu ana miaka 74, miguu imemvimba, hata kwenda msalani anataka mtu wa kumshika. Miaka miwili iliyopita binamu yangu wa Micheweni alimletea mtoto wake wa kike, "aje amshike mkono bibi yake". Alikuwa na miaka kumi na moja, sasa kumi na tatu. Kwao kaacha skuli darasa la tano. Tulisema hapa atasoma. Ilikuwa katikati ya mwaka, tukasema tungoje Januari. Januari mama akalazwa, tukasema tungoje apate nafuu. Ndiyo hivyo mpaka leo. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anachota maji siku bomba likikauka, anafagia uwani, anapika, anamwogesha mama, alasiri anakwenda chuoni kusoma Qur'ani, akirudi anapiga pasi. Hapigwi. Hatukanwi. Anakula tunachokula, na Idi hushonewa nguo sawa na binti yangu. Jirani wanasema mtoto yule kabahatika.

Binti yangu ana miaka 12. Jioni moja mwezi uliopita aliacha daftari lake pale yule mwenzake anapopigia pasi. Mimi nilikuwa mlangoni, simu sikioni, nazungumza na Nairobi. Nikamwona kaisimamisha pasi, kainama, kidole kinafuata mistari. Akamwita binti yangu: "Hapa umekosea. Sita mara nane arubaini na nane, weye umeandika arubaini na mbili." Kisha akaendelea kunyoosha ushungi wa skuli, ushungi wa binti yangu. Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Sasa sikia, Shangazi. Mwaka jana nilimwachisha kazi dereva wetu. Nyumbani kwake palikutikana msichana wa miaka 14 akifanya kazi za ndani, mtoto wa jamaa wa mkewe. Sera yetu ya ulinzi wa mtoto inamkataza mfanyakazi yeyote kumtumikisha mtoto nyumbani kwake, na sote tumeitia saini, mimi wa kwanza. Alijitetea: "Bosi, huyu ni mtoto wetu, tunamlea." Nikamjibu kuwa sera haijui ujamaa. Barua niliiandika mwenyewe. Na siku ile yule mtoto alikuwa karibu anatimiza mwaka jikoni kwetu, na Wallahi, sikuona.

Wiki tatu zilizopita dereva kamkuta mtoto sokoni Chake, kapu la mama kichwani. Jana kanipigia simu. Salamu tu: "Bosi, mjukuu wa bibi hajambo?" Hakuongeza neno.

Nilimwambia mama tumrejeshe kwao. Alilia. "Na weye nani alikulea?" Ni kweli. Tangu nina miaka tisa nililelewa na shangazi yangu Kikwajuni, Unguja, nikimuuzia bajia kila jioni. Mama anasema bila ya kupelekwa mjini leo nisingekuwa bosi. Na kwao Micheweni nakujua: mama mtu anaponda kokoto, na watoto wake wawili wakubwa wamekaa naye kwenye lundo hilo hilo. Nina kaka watatu, mmoja yuko Maskati. Wanatuma pesa Ramadhani, basi.

Nikimrejesha, nampeleka kwenye mawe. Nikimweka, mimi mnafiki. Nikisema ofisini, nitaachishwa kama nilivyomwachisha mwenzangu, na mshahara wangu unalisha watu wanane. Nikinyamaza, ipo siku dereva atasema. Nifanye nini?

Meneja, Chake Chake

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Kwanza nikupe haki yako. Mtu aliye kwenye kiti chako angeweza kuitafutia hali hii jina zuri akalala. Weye umelikataa lile jina zuri ulilopewa na jirani, kwamba mtoto kabahatika, ukaandika saa anayoamka. Nimeona ilivyokuwia vigumu.

Nikikufahamu vyema, aliyeletwa kulelewa ameishia kutumika, na ilitokea taratibu, Januari baada ya Januari, bila ya mtu kukaa kitako akaamua iwe hivyo. Nawe ndiye uliyewekwa kuwazuia wengine wasifanye hivi. Sasa umebanwa na mama, na mshahara, na simu ya dereva.

Lakini kuna jambo katika barua yako nataka ulitazame pamoja nami. Mama kanena humo, na kalia. Dereva kanena mara mbili. Nairobi imo, kaka wa Maskati yumo. Mtoto mwenyewe kasema mara moja tu, naye hakusema na weye, kasema na binti yako, juu ya sita mara nane. Umeniandikia anafanya nini kutwa. Hukuniandikia anataka nini, na nadhani ni kwa kuwa hujamuuliza. Sikulaumu kwa hilo, sote tumelelewa hivyo: mtoto haulizwi, anaambiwa. Ila mashirika kama lenu ndiyo yaliyotuzoesha mabaraza ya watoto katika shehia, watoto wakakaa mbele ya sheha wakasema yao, na wazee wakanyamaza kuwasikiliza. Huyu wa kwako baraza lake liko wapi?

Sasa hilo neno "mnafiki". Mimi silikubali upesi hivyo. Kulea mtoto wa ndugu si uhalifu visiwani humu, ni katika mambo mema tuliyorithi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kifungu chake cha 20 kinaitaja hata kafala ya Kiislamu kwa jina lake, kuwa ni njia ya kumlea mtoto aliyekosa malezi ya kwao. Hayo unayajua kunishinda. Mamaako hakuwa anatafuta mtumishi wa bure. Alikuwa anafanya alichokiona kikifanywa maisha yake yote.

Mkataba huo huo lakini una kifungu cha 32, kinachosema mtoto alindwe na kazi inayomzuia kusoma. Hapa ndipo jibu la mama, "nani alikulea", linapotaka kusikilizwa kwa makini. Shangazi yako wa Kikwajuni alikutuma bajia, ndiyo. Na asubuhi yake ulikwenda wapi? Ulikwenda skuli. Mama anaona nyinyi wawili mmepita njia moja, na kwa macho ni kweli: mtoto wa shamba kaja mjini kwa jamaa, anasaidia kazi. Kilichowatenganisha ni yale masaa matano ya darasani asubuhi. Pengine mama akiambiwa hivyo, bila ya neno "sera" kuingia, atalisikia vyengine. Pengine hatolisikia. Ana hofu yake, nayo si ndogo: nani atanishika nikienda msalani?

Niruhusu nikwambie langu. Kwetu Wete, mimi mdogo, tulikuwa na msichana wa namna hii. Tukimwita dada. Msimu wa karafuu sote tulikaa jamvini usiku tukichambua, naye akitushinda sote kwa wepesi wa vidole, makonyo huku, karafuu huku, hata hatazami. Asubuhi sisi tulivaa sare, yeye akaanika. Aliolewa, akaenda zake. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajiuliza kama alijua kusoma barua, na nyumbani kwetu hapana aliyeweza kunijibu. Tuliishi naye miaka sita.

Basi tuje kwenye njia ulizoziona. Umeziona mbili, lundo la kokoto au jiko lenu, na mimi nina wasiwasi na mbili hizo. Ile Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ya mwaka 2009, mnayowasomea watu kwenye mafunzo, inasema umasikini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Mtoto huyu wazazi wake wapo hai, na wanampenda kwa kadiri nijuavyo kutokana na barua yako. Je, umewahi kwenda Micheweni ukamuuliza binamu yako kilichokosekana siku ile ni nini hasa? Elimu bila malipo Zanzibar ilitangazwa tangu 1964, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vina bei yake, na kwa mponda kokoto bei hiyo inapanda hadi kumtoa mtoto darasani. Pengine mlango ulikuwa mdogo wa namna hiyo. Pengine kuna jengine nyuma yake, la ndoa au la ugomvi wa nyumbani, ambalo binamu kalificha kwa aibu. Ukimrejesha kabla ya kujua, unaweza kumrejesha kwenye alichokimbizwa.

Na tazama nia yako pia. Mtoto akipandishwa gari ya asubuhi kwenda Micheweni kesho, kwa sababu dereva kapiga simu jana, safari hiyo itakuwa ya nani? Ataona kafanya kosa, na hatojua kosa gani.

Kumweka kwenu na kumtia skuli ni njia yenye uzuri wake, na naona moyo wako umeelemea huko. Ina miba vilevile. Miaka miwili nje ya skuli, atakaa na wadogo zake darasa la tano au la sita, na msichana wa miaka kumi na tatu huiona aibu hiyo kubwa kuliko tunavyodhani sisi. Ipo Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima, yenye madarasa ya walioacha skuli, na mwalimu mkuu wa karibu nawe anaweza kukwambia lipi linamfaa kwanza. Lakini mwiba mkubwa uko nyumbani. Akirudi skuli saa saba na vyombo vinamngoja, maji yanamngoja, na pasi ya watu wawili inamngoja, mtakuwa mmempa kazi ya pili. Utajua kama amekuwa mtoto wa nyumba siku utakayoona ushungi wake na wa binti yako, na kila mmoja ananyoosha wa kwake.

Nani basi atamshika mama? Hili swali nimeliona linakukimbia. Kumweka mwanamke mtu mzima, kwa mshahara wake na siku yake ya mapumziko, kunataka fedha. Mama kwa umri wake anastahiki pencheni jamii, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Haitoshi kumlipa mtu, lakini ni mwanzo wa mchango. Na kaka zako watatu? Umewataja kwa mstari mmoja, na Ramadhani ikaisha. Kwa miaka miwili gharama ya kumuuguza mama yao imelipwa na mtoto wa Micheweni. Sijui kama wanalijua hilo. Kikao cha simu cha ndugu wanne ni kigumu, huenda yakatoka maneno ya zamani, na huenda aliye Maskati akakwambia weye ndiye mwenye mshahara wa dola. Uwe tayari kwa hilo.

Ofisi sasa. Unajua kwa nini sera hizi zimekuwa kali: tangu kashfa za unyanyasaji wa kingono katika mashirika ya misaada zilizotoka magazetini mwaka 2018, wafadhili wamezidi kuwa wakali juu ya ulinzi wa mtoto. Ukali huo una sababu. Siwezi kukuahidi kuwa ukijisema mwenyewe utasamehewa. Ninachokiona ni kwamba kujisema na kusemwa ni habari mbili mbali, na ya kwanza haitokuwa mikononi mwako milele. Kuna la utaratibu pia: mratibu wa ulinzi wa mtoto wa ofisi yenu yuko chini yako, na si haki kumtwika jambo la bosi wake. Mashirika mengi yana mlango wa kupita juu, wa kanda au wa makao makuu. Isome tena ile sera uliyoitia saini, mara hii kama mtu inayemhusu.

Utajiuliza pia utangulie kutengeneza nyumbani au utangulie kusema. Ukitengeneza kwanza, watasema umefuta alama. Ukisema kwanza, pengine watakuja na haraka yao na fomu zao, na mtoto akahamishwa kwa ajili ya faili. Katikati yupo ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, anayefanya kazi chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011. Unamjua, mmekaa vikao vingi. Kumwendea kama mzazi, si kama meneja, kutakuuma. Lakini yeye kazi yake ni kumtazama mtoto kwanza, na weye hivi sasa una watu wengi wa kuwatazama.

Kuacha kazi kimyakimya hukukutaja, nami nakutajia kwa kuwa wengi hukimbilia hapo. Ungeondoka na siri yako, na kesho yake alfajiri mtoto angeamka saa ile ile.

Nimemwacha dereva mwisho. Huenda simu ile ni kitisho. Huenda pia ni mtu aliyeumia, anataka tu ujue kuwa kaona. Vyovyote iwavyo, nakuomba usimnunue, kwa pesa wala kwa ahadi ya kazi. Utakuwa umetia deni juu ya deni. Ila kuna maneno ambayo pengine anayangoja, na hayo hayana bei. Na lipo swali linalonisumbua kuliko yote uliyoniandikia. Barua yake ya kuachishwa iliingia kwenye faili. Yule msichana wa miaka 14 aliingia wapi? Nani alimfuata kujua kama alirudi kwao, kama anasoma, kama yuko jikoni kwa mtu mwengine? Uliandika kuwa palikutikana msichana, kisha habari yake ikakatika. Kama ofisi haikumfuata, weye bado ndiye meneja, na simu ya dereva unayo.

Barua yako imenifikia Oktoba, na skuli zinafungua Januari. Hii itakuwa Januari yake ya tatu kwenu. Leo ukirudi kutoka kazini, kabla usiku haujaingia, izime simu ya Nairobi, mchukue mkae kibarazani nyinyi wawili, kabla hajaishika pasi. Usimuulize kama anataka kurudi kwao, atadhani anafukuzwa. Muulize nani alimfundisha hesabu. Mengine atakwambia mwenyewe akikuona huna haraka.

Kisha niandikie alichokwambia.